Titani: Linda Utando Kabla Haijaingia Mwilini

Barabara ya Arua, Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, hubeba malori na bodaboda mchana kutwa. Ajali hazikosekani, na mfupa ukivunjika vibaya, daktari anaweza kuufunga kwa bamba na skrubu za titani. Muuguzi wa thieta, wewe ndiye mlinzi wa madini hayo.

Titani haisalimiki kwa ugumu wake. Kinachoikinga ni utando wa oksaidi wenye unene wa nanometa chache. Maji ya mwili yana chumvi na joto la nyuzi 37, na penye jeraha bichi asidi huongezeka. Utando ukikwaruzwa hujijenga upya mara moja, lakini skrubu iliyolegea huukwangua bila kuupa nafasi. Hapo madini huvuja kwenye nyama iliyo jirani. Aloi iliyozoeleka ina alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4.

Kiwandani, titani huoshwa kwa asidi ya nitriki ili kuondoa chembe za chuma. Nyingine hupitishiwa umeme ndani ya myeyusho ili utando unenepe. Rangi ya bluu au dhahabu unayoiona kwenye skrubu hutokana na unene huo; haikupakwa.

Kwa hiyo:

1. Usisugue kwa brashi ya chuma wala waya wa kusugulia sufuria. Chembe zake hubaki juu ya titani na kushika kutu. Tumia brashi laini ya nailoni.

2. Osha kwa sabuni isiyo kali, kisha suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa.

3. Usifunge bamba la titani kwa skrubu za chuma. Madini mawili yakigusana kwenye maji ya chumvi huwa betri ndogo, na yakisuguana hulika zaidi.

4. Bamba likihitaji kukunjwa, daktari alikunje mara moja. Kulikunja na kulikunjua hulidhoofisha.

5. Kilichotolewa mwilini kisiwekwe kwa mgonjwa mwingine, hata kama kinang'aa. Nyufa ndogo hazionekani kwa macho.

6. Andika aina ya madini kwenye rekodi, na umpe mgonjwa nakala. Kama anatoka Sudan Kusini na akirudi Yei au Juba, daktari wa huko atajua cha kuongeza na cha kuepuka.