Mwanga wa Matumbawe

Kibaha na Kisarawe zimo katika Mkoa wa Pwani, lakini ziko bara kidogo. Watoto wengi wa huko huyajua matumbawe kwa chokaa na mawe ya kujengea tu. Kwa hiyo hudhani kwamba tumbawe ni jiwe. Sivyo. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana waishio pamoja kwa wingi. Ndani ya miili yao hukaa vimea visivyoonekana kwa macho. Vimea hivyo hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga, na sehemu kubwa ya chakula hicho huwapa wenyeji wao. Basi mwanga ukikosekana, wanyama hao huona njaa hata maji yakiwa safi.

Mtu atakaye kufuga matumbawe katika tangi dogo la kioo, na achague taa kwa akili.

Jambo la kwanza ni rangi. Baharini rangi nyekundu ya mwanga wa jua humezwa upesi na maji, bali rangi ya buluu hufika mbali chini. Taa ifaayo ni ile itoayo mwanga mweupe uliochanganyika na buluu nyingi. Siku hizi taa za LED hupendwa, kwa kuwa hutumia umeme kidogo.

La pili ni nguvu. Mkulima wa Kibaha ajua kwamba mhogo uliopandwa chini ya mwembe hauzai vema. Tena mche ulioota kivulini katika msitu wa Pugu, huko Kisarawe, ukihamishwa ghafula juani hunyauka. Matumbawe nayo ni vivyo hivyo. Mengi yenye matawi hutaka mwanga mkali. Mengi yaliyo laini hutosheka na mwanga wa kadiri. Tumbawe geni liwekwe kwanza penye mwanga hafifu, kisha lizoezwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

La tatu ni muda. Taa iwake kwa muda wa saa 8 hata 10 kila siku, kisha izimwe. Ikiwaka mno, miani huota na kufunika kioo.

La nne ni joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yalipoteza vimea vyake, yakawa meupe, na mengi yakafa. Taa ichomayo maji yaweza kuleta msiba huo huo katika tangi.

Wala mtu asiende kuvunja matumbawe baharini. Bongoyo na Mbudya, visiwa vilivyo karibu na Dar es Salaam, ni hifadhi tangu mwaka 1975. Taa ikiharibika hununuliwa nyingine. Mwamba uliojengwa kwa miaka mingi haununuliki.

Maswali
1. Kwa nini matumbawe huhitaji mwanga?
2. Rangi gani ya mwanga hufika mbali chini ya maji?
3. Tumbawe geni lizoezweje?