Pesa za kigeni zilizofutwa: tuzijue kabla ya kuziuza



Jirani yetu mmoja hapa Elerai alifiwa na mumewe, marehemu aliyeendesha magari ya watalii kwa miaka mingi. Katika kukusanya mirathi, likatolewa kopo la maziwa ya unga lililojaa pesa za kigeni, bakshishi za miaka yote hiyo. Duka la kubadilisha fedha lilizikataa karibu zote. Siku ya pili akaja kijana mmoja akitaka kopo zima kwa shilingi 50,000, na mjane mwenye yatima watatu alikuwa tayari kumpa. Mtoto mkubwa ndiye aliyekuja kuniuliza, "Ustadhi, hizi si makaratasi tu?"

Hapa kwetu swali hili ni la wengi. Mji ni wa watalii, na Namanga si mbali. Pesa iliyofutwa inaweza bado kudaiwa kwenye benki iliyoitoa, au ikabaki na thamani ya madini yake, au ikatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Na nyingine, kweli, haina lolote.

Tukalimwaga kopo mkekani. Kulikuwa na maki za Ujerumani, jumla 200. Sarafu na noti za euro ziliingia mikononi mwa watu mwaka 2002, lakini Benki Kuu ya Ujerumani haijaweka mwisho wa kuzipokea maki, noti na sarafu pia, kwa kiwango kilekile cha maki 1.95583 kwa euro moja. Maki 200 ni zaidi ya euro 102. Peke yake hiyo inazidi mara kadhaa bei ya yule kijana! Noti za zamani za pauni nazo hupokelewa na Benki Kuu ya Uingereza hata baada ya kuondolewa sokoni. Lakini faranga za Ufaransa mlango ulifungwa Februari 2012, na lira za Italia Desemba 2011.

Kulikuwa na dola zenye picha ndogo ya kichwa. Marekani haijazifuta, ni maduka yetu yanayozikataa au kuzipunja. Basi usiziuze kwa bei ya kutupa, mpe ndugu anayesafiri.

Zilizoniumiza ni noti nne za Kenya za shilingi 1,000, zile za zamani. Kenya ilitangaza Juni 1, 2019 kwamba mwisho wake ni Septemba 30 mwaka huo. Muda ukapita. Anayekwambia ana mtu Nairobi wa kuzibadilisha, kaa naye mbali. Na wewe usimpenyezee mwenzako asiyejua, maana hiyo ni ghushi, nayo ni haramu.

Chini kabisa zilikuwa sarafu. Senti 10 zenye tundu, za Afrika Mashariki ya mkoloni, zimejaa kila mahali, hazina bei ya maana. Shilingi yenye simba, tazama mwaka: zilizotolewa hadi 1946 zina robo ya fedha, yaani chini ya gramu mbili za fedha halisi kwa kila moja, za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Rupia ya Mjerumani yenye sura ya Kaizari Wilhelm II ni jambo jingine. Ina uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni fedha. Ipeleke ikapimwe kwa sonara, lakini usikubali iyeyushwe, kwani mkusanyaji anaweza kulipa zaidi ya sonara. Wala usiisugue kwa majivu na limau. Kung'aa huko kunaiharibia bei.

Kijiweni utasikia habari za rupia inayovuta punje za mchele, yenye thamani ya mamilioni. Ni utapeli mtupu. Sarafu yenye sifa ya kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ina picha ya tembo. Hata hiyo za kughushi zipo, isinunuliwe wala kuuzwa bila mjuzi kuiona.

Upande wa sheria: noti iliyokufa ni bidhaa, huuzwa kwa maridhiano na kwa kueleza hali yake. Dhahabu na fedha zikiuzwa kwa pesa, ziwe mkono kwa mkono, hakuna mkopo. Na kopo la marehemu ni mali ya warithi wote. Mjane ana thumni yake, yatima wana fungu lao, hivyo hakuwa na haki ya kuliuza peke yake, hata kwa nia njema.

Tuliandika orodha, kipande kwa kipande, mbele ya mashahidi wawili. Kijana aliporudi, mtoto mkubwa alimwonyesha karatasi ile akamuuliza anataka kipi na kwa bei gani. Alitaka rupia tu. Haijauzwa bado, tunangoja mtu wa pili aiangalie.