Mawingu ya Alasiri, Radi za Usiku: Kunasa Anga ya Kanda ya Ziwa

Hesabu ya taimulapsi ikoje?
Ni picha za mnato zilizopigwa kwa nafasi sawa, kisha zikaunganishwa ziende mbio. Video ya sekunde 10, kwa picha 25 kila sekunde, inataka picha 250. Zikipigwa kila baada ya sekunde 4, kazi inakwisha kwa takriban dakika 17. Kinachoamua nafasi ni mwendo wa kinachopigwa: mawingu yanayokimbia hutaka sekunde 2 hadi 5, lakini kivuli cha mwamba wa Shinyanga kikijivuta jioni, nusu dakika inatosha.

Mawingu mazuri hupatikana saa ngapi?
Ziwa Victoria lina ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujengeka juu ya nchi kavu tangu alasiri. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na radi huhamia ziwani mpaka alfajiri. Hivyo, msimu wa mvua, aliyeko Shinyanga mjini ategeshe kamera saa tisa alasiri; aliyeko Chato au kwenye mwalo wa Geita afadhali alale mchana. Radi zikisogea, aliyepanda mwambani ashuke. Hilo halina mjadala.

Na nyota?
Juni hadi Agosti. Kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana usiku, ingawa moshi wa mashamba huharibu upeo wa macho, na taa za migodi hufifisha nyota. Kwa lenzi ya milimita 20, kila picha ichukue kama sekunde 20. Fokasi huwekwa kwa mkono: nyota moja angavu inakuzwa kwenye kioo hadi iwe nukta, kisha pete ya lenzi inabandikwa selotepu isisogee.

Asiye na kamera je?
Afungue taimulapsi ya Google Earth, inayoanzia 1984. Geita, mashimo ya mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000 yanapanuka. Shinyanga kuna hadithi nyingine: mradi wa HASHI ulianza 1986 kufufua ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma. Picha nyingi ni za Landsat, ambayo nukta yake moja ni mita 30, hivyo atafute madoa ya kijani, si mti mmoja mmoja. Mawingu asiyatafute: kila mwaka una picha moja tu, nayo yamechujwa.