Somo: Nguvu ya Upepo juu ya Madirisha

Unapojenga nyumba au ghala ya mahindi, unanyoosha ukuta kwa uzi na kuchagua miti mizuri ya paa. Lakini dirisha unalifunga kwa misumari miwili, ukisema: Yatosha. Sikiliza sasa kwa nini haitoshi.

Katika vijiji vya kando ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mvua huanza mwezi wa 10 au wa 11, na mara nyingi upepo mkali huitangulia. Upepo huo ukivunja dirisha, unaingia ndani na kusukuma paa toka chini. Juu ya paa upepo mwingine unalivuta. Nguvu hizi mbili zinang'oa bati, na mbegu zako za mwaka zinalowa. Basi, kulinda dirisha ni kulinda paa.

1. Namna ya kuhesabu

Chukua mwendo wa upepo, ni kusema meta ngapi kwa sekunde moja. Zidisha hesabu hiyo kwa yenyewe, kisha gawanya kwa 16. Utapata kilo zinazosukuma kila meta moja ya mraba.

Miti midogo inayumba: mwendo ni karibu meta 10. Nguvu ni kilo 6.
Vitawi vinakatika na mtu anatembea kwa shida: karibu meta 20. Nguvu ni kilo 25.
Miti inaanguka: karibu meta 30. Nguvu ni kilo 56, kupita mfuko mzima wa simenti.

Angalia vema: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo usijenge kwa kufuata upepo wa kila siku. Mafundi wakubwa huchagua upepo mkali ambao huonekana labda mara moja katika miaka 50.

2. Mahali pa dirisha

Dirisha linaloelekea upepo linasukumwa ndani. Dirisha la nyuma na la ubavuni linavutwa nje. Karibu na pembe ya nyumba mvuto ni mkali zaidi. Nyumba iliyo juu ya kilima, au mahali pasipo miti, inapigwa kuliko ile ya bondeni.

3. Kujaribu dirisha

Dirisha lako lina upana wa sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 80. Eneo lake ni meta za mraba 0.48. Zidisha kwa kilo 56: ni kilo 27. Kwa ajili ya pembe, na kwa usalama, fanya mara mbili: kilo 54.

Kabla ya kulitia ukutani, funga dirisha na komeo zake, ulilaze juu ya magogo mawili. Pima mchanga kilo 54, uutandaze sawasawa juu yake. Kisha ondoa mchanga, geuza dirisha, ujaribu upande wa pili, maana upepo unavuta pia. Hapo utajua kama bawaba na komeo zina nguvu. Usisimame chini yake. Kikipinda au kikifunguka kitu, afadhali leo katika kiwanja kuliko usiku wa mvua.

4. Kufanya vizuri

Weka komeo mbili, moja juu na moja chini. Funga fremu ukutani kwa vipande vya chuma vilivyojengewa kati ya matofali, si kwa udongo tu. Ukitaka kioo, tia vioo vidogo vinne, usitie kimoja kikubwa. Usiweke dirisha karibu na pembe. Ukiona wingu jeusi na vumbi, funga kwanza madirisha ya upande ule upepo unakotoka.

Maulizo

Upepo wa meta 20 ukiwa wa meta 40, nguvu inazidi mara ngapi?
Kwa nini tunageuza dirisha tunapolijaribu?
Dirisha la ghala yako lina komeo ngapi? Nenda ukaangalie leo.