Kidhibiti Mwendo Katika Boti Kuukuu ya Michezo: Kifungwe au Kiachwe?



Katika mikutano yetu ya polisi jamii huko ufuoni tumezoea kuulizwa habari za nyavu zilizoibwa, injini zilizovushwa mpaka usiku wa manane, na samaki wachanga wanaouzwa waziwazi. Katika mkutano mmoja wa karibuni tuliulizwa swali la namna nyingine. Kundi la vijana lilikuwa limechanga fedha likanunua boti kuukuu ya kuvutia wachezaji, yaani ile ambayo mtu husimama juu ya ubao nyuma yake, ameshika kamba, naye huvutwa akiteleza juu ya maji. Mchezo huo wenyewe wanauita weikibodi, na wageni hulipa vizuri kuucheza. Fundi mmoja aliwashauri vijana wafunge kidhibiti mwendo. Bei yake ingemaliza fedha zote zilizosalia katika mfuko wa kundi. Je, wafunge au waache?

Kabla hatujajibu, mzee mmoja wa wavuvi alisimama, akasema kwamba ikiwa chombo hicho ni gavana kama ile ya matatu, basi kifungwe kwa amri ya polisi, wala lisiwe jambo la hiari. Watu wakampigia makofi. Tuliona hapo hapo kwamba swali la vijana lilikuwa limegeuka kuwa jambo la kijiji kizima, na kwamba jibu la haraka lingewapotosha wote wawili, mzee na vijana. Tuliahidi kujibu kwa maandishi.

Tuanze na mzee. Wasomaji wetu wa upande wa Busia wanakumbuka mwaka 2004, Kenya ilipoyalazimisha matatu na mabasi kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu gari kupita kilomita 80 kwa saa. Chombo kile ni kizuizi: chini ya kikomo dereva hufanya apendavyo, na akifika kwenye kikomo hawezi kuendelea. Kidhibiti cha boti ya michezo ni kitu kingine kabisa ingawa jina ni moja. Hakimzuii nahodha kukimbia. Kazi yake ni kushika mwendo ule ule aliouchagua, usipungue wala usizidi, kama mtumishi anayeshikilia taa mahali alipoambiwa aishikilie. Nahodha akichagua kilomita 32 kwa saa kitashika 32. Akichagua 50, kitashika 50 kwa utiifu ule ule, hata kama mbele yake kuna mitumbwi mitano. Kwa hiyo anayetarajia kwamba chombo hiki kitawatuliza vijana wenye haraka, tunamwomba radhi, hakitafanya hivyo.

Basi kina faida gani? Mchezo huu unategemea mwendo usioyumba. Mchezaji mzima wa weikibodi kwa kawaida huvutwa kwa kilomita 30 hadi 37 kwa saa. Watoto na wanaojifunza huvutwa polepole zaidi. Mchezaji anapokata kwenda pembeni huivuta kamba kwa nguvu, na boti hupungua mwendo. Nahodha huongeza mafuta, lakini huongeza akiwa amechelewa, kwa maana lazima kwanza ahisi au aone kwamba mwendo umepungua. Mara mchezaji anarudi katikati, kamba inalegea, na yale mafuta aliyoyaongeza yanaifanya boti iruke mbele. Mchezaji hupokea mshtuko mikononi na mabegani, akaanguka kwa namna asiyoitarajia. Kidhibiti husahihisha mambo hayo mara nyingi ndani ya muda ambao mkono wa binadamu ungeyasahihisha mara moja tu.

Lakini kwetu sisi askari wa majini faida kubwa iko mahali pengine, nayo ni macho ya nahodha. Tufanye hesabu ndogo. Boti iendayo kilomita 32 kwa saa hukata karibu mita 9 kila sekunde. Kamba ya mchezo huu huwa na urefu wa mita 18 hadi 23 hivi. Nahodha akiinamia kipima mwendo kwa sekunde 2 tu, boti yake imesogea mita 18, yaani karibu urefu mzima wa kamba, bila mtu yeyote kutazama mbele. Na katika boti isiyo na kidhibiti, nahodha mwenye bidii hukitazama kipimo hicho tena na tena. Katika ziwa letu, ambako kichwa cha mwogeleaji, boya la wavu na mtumbwi ulioinama majini havionekani kwa mbali, sekunde mbili ni nyingi.

Sasa tuifungue boti yenyewe, kwa sababu umri wake ndio unaoamua mengi. Boti mpya za kazi hii, kama zile za MasterCraft na Malibu, hutoka kiwandani na kidhibiti ndani yake, na mafuta yake huamriwa kwa umeme. Boti ya zamani ina kabureta, au mfumo wa zamani wa kupuliza mafuta, na mkono wa mafuta ulio mbele ya nahodha umeunganishwa na injini kwa waya wa chuma unaopita ndani ya ala. Kwa boti za namna hiyo yapo makampuni, kama PerfectPass ya Kanada, yanayouza vifaa vya kuongezea: kompyuta ndogo ya kuwekwa karibu na usukani, mota ndogo ya umeme inayofungwa kwenye waya wa mafuta, na kitu cha kupimia mwendo. Bei ya vifaa hivyo hupita dola 1,000 za Marekani, kabla hujalipa usafiri, ushuru na fundi.

Kupima mwendo kuna njia tatu, na hapa ndipo wengi hununua wasichokihitaji. Ya kwanza ni kuhesabu mizunguko ya injini kwa dakika. Ni njia tulivu, ila haijui uzito: ukipakia abiria wanne zaidi, au ukijaza mifuko ya maji ili wimbi la nyuma liwe kubwa, mizunguko ni ile ile na mwendo umeshuka. Nahodha lazima arekebishe kila mzigo unapobadilika. Ya pili ni kupima maji yanayopita chini ya boti, kwa kigurudumu au kwa kijitundu kinachopokea msukumo wa maji. Hiyo inafaa katika ziwa safi. Kwetu, ambako gugumaji limetusumbua tangu takribani mwaka 1990, kijitundu kile huziba kwa unyasi mmoja tu, na kompyuta iliyodanganywa kwamba boti imesimama itaongeza mafuta.

Ya tatu ni GPS, ambayo siku hizi ndiyo inayopendwa. Haizibwi na majani wala haibabaishwi na uzito. Hata hivyo hupima mwendo juu ya ardhi, si ndani ya maji. Ziwani haina shida. Mtoni ni habari nyingine. Tuchukue Mto Nile pale Jinja, ambako mchezo huu huchezwa, na tuseme mkondo unakwenda kilomita 4 kwa saa. Ukiweka 32 ukapanda mto, mchezaji anasikia 36. Ukigeuka kushuka mto na 32 ile ile, anasikia 28. Kompyuta haijakosea. Ila aliyekuwa akiteleza vizuri anaanza kuzama, na anayejifunza anaburutwa. Mwenye boti ya mtoni aijue hesabu hiyo kabla hajalipa.

Tunakuja kwenye jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Mota ya kidhibiti huvuta waya ule ule ambao umetumika kwa miaka 20 au zaidi, ambao huenda una kutu ndani ya ala. Kwa kawaida nahodha husukuma mkono wa mafuta kupita kiasi kinachohitajika, na mota hurudisha ziada. Akivuta mkono nyuma, mafuta hupungua na mfumo hujiachia. Yote hayo yanategemea waya unaoteleza na springi yenye nguvu. Waya ukinata, mafuta hubaki wazi, na kompyuta haina mkono mwingine wa kuyafunga. Ndiyo maana tunasema mwenye boti kuukuu asikague kidhibiti kwanza, akague waya. Injini ikiwa imezimwa, sukuma mkono mbele kisha uurudishe, huku mwenzako akitazama kabureta. Kila kitu kirudi chenyewe, bila kusitasita. Kikisita, badilisha waya na springi, hata kama hutafunga kidhibiti maishani mwako.

Jaribio la pili halina gharama. Pelekeni boti mahali palipo wazi, mmoja aendeshe, mwingine ashike simu yenye GPS na kusoma mwendo kwa sauti. Nahodha ashike 32 kwa dakika tano bila kuvuta mtu. Ikiwa injini yenyewe inapanda na kushuka hali mkono haujaguswa, tatizo ni mafuta machafu, plagi au kabureta, na kidhibiti kilichofungwa juu ya ugonjwa huo kitapigana na injini siku nzima. Tumeona vijana wakimlaumu nahodha wao kwa kosa la chujio la mafuta.

Wale vijana walipofanya jaribio hilo, injini ilikuwa nzima. Waya ulikuwa unanata. Boti haikuwa na kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwa nahodha ili akianguka majini injini izimike papo hapo. Jaketi okozi zilikuwa nne, boti ya watu wanane. Wala hapakuwa na mwangalizi. Nahodha aligeuza shingo mwenyewe kumtazama mchezaji.

Hapo jibu letu likawa jepesi, ingawa halikuwafurahisha. Kidhibiti kisubiri. Fedha iliyopo inunue waya mpya, kamba ya kuzimia injini, jaketi nne zilizosalia na kioo kipana cha kuangalia nyuma, na mmoja wa kundi awe mwangalizi kila safari, anayemtazama mchezaji na kumwambia nahodha akianguka. Si masharti ya Uganda peke yake. Katika majimbo mengi ya Marekani, nchi ambako mchezo huu una mizizi, boti inayovuta mtu hutakiwa kuwa na mwangalizi au kioo cha namna hiyo. Huko huko, tangu tarehe 1 Aprili 2021, nahodha wa boti iliyo chini ya futi 26, ikiwa ina swichi ya kuzimia injini, hutakiwa awe amefungwa kamba yake chombo kinapokwenda kwa kasi. Boti za zamani zisizokuwa na swichi hiyo zimeachwa nje ya sheria, na ndizo tunazouziwa sisi.

Wapo waliotuuliza kama hatutii chumvi. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe MV Templar kilizama ziwani upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hakikuzama kwa sababu mwendo wake uliyumba. Kilikuwa kimepakia watu kupita uwezo wake. Tunaposhika daftari la ukaguzi ufuoni, hayo ndiyo tunayoyakumbuka, na ndiyo sababu tunahesabu jaketi kabla ya kutazama mashine.

Yapo mawili ambayo mzee wetu wa wavuvi alikuwa na haki ya kuyadai, ijapokuwa aliyadai kwa mlango usio wake. La kwanza ni wimbi. Boti ya michezo huundwa ili iache wimbi kubwa nyuma, na wimbi hilo hupindua mtumbwi mwembamba na kukokota nyavu zilizotegwa kwa jasho. Kidhibiti hakilipunguzi, mwendo ule ule ndio unaolijenga vizuri. Kinacholitatua ni makubaliano ya mahali na saa, yaandikwe na kamati ya ufuo na wenye boti, na sisi tuwe mashahidi. La pili ni mpaka. Majini hakuna ukuta wala kizuizi kama kile cha Mutukula. Kwa kilomita 32 kwa saa boti hukata nusu kilomita chini ya dakika moja, na GPS ya kidhibiti inajua mwendo tu, haimwambii nahodha kwamba ameingia Kenya au Tanzania na wageni wasio na hati mkononi. Chagueni mwanzo na mwisho wa njia yenu kwa alama za nchi kavu, mti au mwamba unaojulikana na pande zote mbili, mkatuonyeshe.

Na onyo moja kwa wenye boti za injini ya nyuma, ambazo ndizo nyingi kwetu. Upo mchezo mwingine, wa kuteleza kwenye wimbi lenyewe karibu sana na boti, kwa mwendo mdogo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa, na baadhi ya wauzaji husema kidhibiti kinaufanya uwe salama. Mchezo huo ni wa boti ambazo rafadha yake iko chini ya tumbo la boti, mbali na mchezaji. Nyuma ya injini ya kuning'inia, anayeanguka mbele huangukia rafadha. Tutakayemkuta akifanya hivyo tutamrudisha ufuoni.

Vijana wale wamekubali. Wamesema msimu ukienda vizuri watalileta tena suala la kidhibiti mwakani, maana sasa wana manahodha watatu wanaopokezana na kila mmoja ana mkono wake. Hiyo ni sababu nzuri ya kukinunua, na tumewaambia hivyo. Siku watakapokifunga, jaribio la kwanza lifanyike bila mchezaji nyuma, mbali na mitumbwi, nahodha akirudisha mkono wa mafuta mara kumi mfululizo na chombo kikimwachia mara zote kumi. Atakayependa askari wa majini awepo siku hiyo, atuarifu siku tatu kabla kupitia mwenyekiti wa ufuo wake.