Kikaratasi Hakikukosea: Makosa ya Protini na Mafuta Katika Hamira

Katika mkutano mmoja wa chama chetu, kaka mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema ati Kiswahili ni cha mashairi na methali tu, mambo ya biolojia hakiyawezi. Wengi walipiga makofi. Mimi nilinyamaza lakini neno lile lilinichoma kama mwiba. Makala haya ndiyo jibu langu.

Nitaanza nyumbani. Mama yangu huuza maandazi ya hamira alfajiri. Jioni moja, nikiwa darasa la sita, alinipa kikaratasi kilichoandikwa "hamira", nikimbie dukani. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mpira. Nilipofika nikaitisha magadi ya unga, nikafungiwa kwenye gazeti. Usiku huo stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo Mama akakanda unga gizani. Lo! Asubuhi maandazi yalikuwa magumu kama mawe, tena yana ladha ya sabuni. Hakuuza hata kumi, na pesa za unga zikaenda na maji. Kikaratasi hakikukosea. Aliyekosea ni mimi niliyetumwa.

Kumbe ndani ya hamira yenyewe mambo ni hayo hayo! Hamira ni kuvu wa seli moja aitwaye Saccharomyces cerevisiae. Ana jeni zipatazo 6,000, na orodha yake kamili ya maagizo ilitolewa mwaka wa 1996. Jeni ikihitajika, nakala yake huandikwa kwenye uzi uitwao RNA mjumbe. Hicho ndicho kikaratasi. Ribosomu, zile tulizosoma kidato cha kwanza, hukisoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu huitwa kodoni. RNA nyingine, ile ya kubeba, ndiye mtoto anayetumwa dukani: huleta asidi amino inayotakiwa. Asidi amino ni aina 20, na zikiunganishwa kwa mpangilio ndipo protini hupatikana.

Kwa kawaida kosa hutokea takriban mara 1 katika kodoni 10,000. Kodoni CUG, kwa mfano, huagiza lusini. Lusini huogopa maji kama mafuta yanavyoyaogopa, kwa hivyo hujificha katikati ya protini. Mtumwa akileta serini, ambayo hupenda maji, protini huenda ikakunjika vibaya, na protini iliyokunjika vibaya haifanyi kazi.

Sasa utaniuliza, mafuta yanaingilia wapi? Yanaingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni vimeng'enya. Mafuta ya seli hutengenezwa na vimeng'enya, navyo ni protini. Kimoja huitwa Ole1. Kazi yake ni kulainisha asidi za mafuta ili utando wa seli usigande. Hamira asiye na Ole1 hawezi kukua asipopewa mafuta laini kutoka nje, kama asidi oleiki. Basi fikiria Ole1 nyingi zikiundwa vibaya!

Mlango wa pili ndio ulioniacha mdomo wazi. Protini nyingi hukunjwa ndani ya mtandao wa endoplazimu, ambao kuta zake ni utando wa mafuta. Protini mbovu zikilundikana humo, mlinzi aitwaye Ire1 hupiga kamsa. Jeni nyingi huwashwa, zikiwemo za kuleta wasaidizi wa kukunja protini na za kutengeneza mafuta ya utando. Mwaka wa 1992 jeni ya Ire1 ilijulikana kwa sababu hamira asiye nayo hakui bila inositoli, kiungo cha mafuta ya utando. Mwaka wa 1993 makundi mawili ya watafiti, Peter Walter akiwa katika moja na Kazutoshi Mori katika jingine, yakagundua kwamba jeni hiyo hiyo ndiyo mlinzi wa protini mbovu. Mlinzi mmoja, kazi mbili!

Mwaka wa 2009 Walter na wenzake walionyesha kuwa seli iliyolemewa hupanua utando wa mtandao huo, na ile isiyoweza kuupanua huumia zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hamira hana budi kujenga ukuta, tena wa mafuta. Lakini ukuta una gharama: mafuta na nguvu ambazo zingetumika kukua hutumika kubeba makosa.

Mama hakunichapa siku ile. Alinyamaza tu, akahesabu sarafu zilizobaki. Tangu hapo kikaratasi nakisoma mara mbili, dukani na hata kwenye mtihani.

Na wewe kaka wa kidato cha nne, ukikuta neno usilolielewa humu, njoo tuulizane. Kwa Kiswahili. Kalamu naiweka chini.