Shukrani Isiyongoja Kupona

JUMATANO

Soma Zaburi 116:1–15. Mwandishi wa zaburi alikuwa amefika wapi kabla ya kuuliza swali la fungu la 12?

Katika ibada za shukrani tumezoea kuianzia zaburi hii kwenye fungu la 12, na hivyo kuikata mwanzo wake. Fungu la 3 linamwonyesha mtu aliyezungukwa na kamba za mauti, mwenye taabu na huzuni. Ni mtu huyo anayeuliza atamrudishia Bwana nini.

Alexandra Scott, ambaye wengi walimjua kwa jina la Alex, alizaliwa mwaka 1996 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, madaktari walimkuta na nyuroblastoma, saratani inayoanzia katika chembe changa za neva na ambayo huwapata zaidi watoto wadogo. Mwaka 2000, alipotimiza miaka minne, alipandikizwa seli shina. Akiwa hospitalini alimwambia mama yake kwamba akitoka anataka kuweka meza ya kuuza maji ya limau. Hilo si jambo geni kwao. Siku za joto watoto huweka meza mbele ya nyumba na kuuza glasi moja moja, wapate senti za kutumia. Alex hakutaka senti za kutumia. Alitaka fedha hizo wapewe madaktari, ili wawasaidie watoto wengine kama walivyomsaidia yeye. Mwaka huo huo, akisaidiwa na kaka yake, meza ile ilipata zaidi ya dola 2,000.

Angalia alitoa lini. Hakuwa amepona. Hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba angepona. Alihesabu alichokwisha kupokea, yaani mikono ya watu waliomhudumia, akaona kinatosha kuwa sababu ya kutoa.

Hapo ndipo ninaposhtakiwa mimi. Miaka kadhaa iliyopita nililazwa hospitali majuma matatu. Kitandani nilimwahidi Bwana sadaka ya shukrani siku nitakayoruhusiwa kwenda nyumbani. Siku hiyo ilipofika miguu ilikuwa bado dhaifu, nikasema, acha kwanza nipone kabisa. Bahasha ilikaa ndani ya Biblia yangu miezi saba. Fedha hazikukosekana. Nilikuwa nangoja Mungu amalize kazi yake ndipo nimshukuru, kama mtu anayemzuilia fundi malipo mpaka aone paa halivuji.

Soma 2 Wakorintho 8:1–5. Makanisa ya Makedonia yalikuwa katika hali gani yalipotoa? Ni nini walichokitoa kwanza, kabla ya fedha?

Paulo hasemi kwamba Wamakedonia walitoa baada ya dhiki kupita. Furaha yao na umaskini wao vilikaa nyumba moja, na ukarimu ukatokea humo.

Alex aliendelea na meza yake mwaka baada ya mwaka, na watu wa sehemu nyingine za Marekani wakaweka za kwao kwa ajili ya kazi ile ile. Alifariki tarehe 1 Agosti 2004, akiwa na miaka minane. Kufikia wakati huo zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya utafiti wa saratani za watoto, na taasisi yenye jina lake inaendelea na kazi hiyo hata leo.

Tusipite haraka hapa. Alikufa. Katika madarasa yetu ushuhuda wa shukrani karibu kila mara huishia na neno “nikapona”, na mama aliyemzika mwanawe huketi nyuma, kimya, akijiuliza kama ana la kusema. Zaburi hii haimfukuzi. Mwimbaji aliyeokolewa na mauti anataja pia, katika fungu la 15, kifo cha wale Bwana awapendao, na kwamba kifo hicho si kitu chepesi machoni pake. Wala tusimwambie mama huyo kwamba kifo cha mtoto ni zawadi; Maandiko yanakiita adui (1 Wakorintho 15:26). Vivyo hivyo, habari za Alex tusizifanye fimbo ya kuwachapia wagonjwa wasio na nguvu hata ya kuomba. Zimeandikwa kwa ajili yetu sisi tulioamka leo tukatembea mpaka mlangoni.

Kwa kiongozi wa darasa: swali la pili lisiharakishwe. Kama yuko darasani aliyefiwa na mtoto, mwache aseme au anyamaze apendavyo.

Maswali ya Kujadili:

Ni shukrani gani umeiahirisha ukingoja jambo fulani likamilike kwanza?

Katika kanisa lenu, aliyeomba uponyaji asiupate ana nafasi gani katika kipindi cha ushuhuda?

Ni nani aliyekuhudumia ulipokuwa mgonjwa, na juma hili unaweza kumfanyia nani jambo hilo hilo?